Kanda Iliyonitangulia Nyumbani

Mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa jibu la nusu. Mmoja nilimwambia barabara ilikuwa mbaya. Mwingine nilimwambia niliugua. Aliyeniuliza Yusufu yuko wapi nilimwambia yupo tu, Dar, anaendelea vizuri. Yote hayo ni kweli, lakini hayaelezi kwa nini nimerudi peke yangu, wala kwa nini spika zetu sasa nimezifunika mkeka. Nimechoka kusema vipande vipande. Nimeandika yote hapa, someni, halafu mkija dukani kwangu tuzungumzie redio zenu mbovu tu.

Lindi hadi Nangurukuru

Tuliyoyafuata Dar mnayajua. Miaka sita mimi na Yusufu tumepiga muziki kwenye harusi zenu na kwenye disko la Jumapili mchana. Yeye alishika kipaza sauti, mimi nilishika mashine, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Kisha siku ya Idi akaja yule jamaa wa Mtwara na kanda zake, na kabla ya alasiri ukumbi wetu ulibaki na viti na mlinzi. Nilikwenda kusimama nje ya ukumbi wake nikasikiliza. Hapakuwa na gitaa, hapakuwa na tarumbeta. Ilikuwa ngoma ya mashine, inapiga palepale bila kuchoka, na juu yake kinanda cha umeme kinapanda taratibu kama maji yanayojaa. Yusufu alisema, "Athumani, tusipozipata hizi, tumekwisha."

Tulipanda lori la chumvi. Tulikaa juu ya magunia, na kila mkwaruzo mwilini uliwaka moto. Karibu na mto Mbwemkuru lori likazama kwenye tope hadi ekseli, na pale tukakaa siku nzima na asubuhi ya pili, tukikata matawi na kuyatandika chini ya matairi. Chakula chetu kilikuwa kimekwisha. Aliyetulisha ni mzee mmoja wa Likawage aliyekuwa anakwenda kumwona bintiye Kilwa. Alikuwa na mfuko wa mihogo aliyoichoma kwake, imeshakuwa migumu kama kuni, akatugawia bila kuombwa.

"Mnakwenda Dar kufanya nini, wanangu?" aliuliza.

"Kutafuta nyimbo, mzee," Yusufu akamjibu.

"Nyimbo?" Alituangalia kwa zamu. "Kwenu hakuna watu wanaoimba?"

Yusufu alicheka hadi mhogo ukampalia. Mimi nilicheka pia, nisidanganye.

Somanga

Nangurukuru tulipata gari jingine lililotushusha Somanga mchana, tumejaa vumbi na chumvi. Pale barabarani kuna kibanda cha mama mmoja anayeitwa Mama Shukuru, anakaanga samaki na kuuza wali. Mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita basi lililokwisha ondoka. Alitupa maji ya kunawa kabla hata hatujaagiza, akasema hawezi kuwapakulia watu wanaofanana na udongo.

Redio kaseti yake ilikuwa mezani, mlango wa kanda umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Na humo ndimo nilimosikia. Sijui niwaelezeje. Ilianza kwa besi peke yake, nzito, mpaka sahani za bati zikawa zinatetemeka mezani. Kisha makofi. Kisha sauti ya mwanamke, neno moja tu, linarudiwa, na kila likirudi kitu kimoja kimeongezwa chini yake. Nilisahau samaki. Nilihesabu mapigo kwa vidole mezani, na nilipofika pale nilipodhani itabadilika, haikubadilika. Ilisubiri kidogo, ndipo ikabadilika. Nywele zilinisimama.

"Hii kanda umeitoa wapi, mama?"

"Dereva mmoja kaisahau. Mimi hata siielewi. Huyo dada ana kigugumizi?"

Nilimwomba nitazame. Kwenye karatasi ya kanda paliandikwa kwa kalamu neno moja: Remix.

"Remiksi," Yusufu akasoma kwa sauti ya mtu mjuzi. "Ndiyo jina lake mwanamuziki. Tukifika Dar tunauliza kanda zote za Remiksi."

Nilimwamini. Sikuwahi kuliona neno lile popote.

Ndundu

Pale Ndundu pantoni ya kuvuka Rufiji ilikuwa imeharibika. Upande wetu kulikuwa na msururu wa malori na mabasi mawili, na watu wameshajenga vibanda vya majani kama waliohamia. Tulikaa siku mbili na nusu. Tulikula kambale wa kuchemsha na ubwabwa, kisha ubwabwa bila kambale, kisha mahindi. Mbu sitawasema.

Yusufu mnamjua. Siku ya kwanza tu alikuwa anajulikana na kila mtu, tangu makondakta hadi wanawake wanaouza maji. Alikuwa anawaeleza watu kwamba tunakwenda kumtafuta Remiksi. Siku ya pili akatokea mwalimu mmoja, Mwalimu Ester, Mmakonde wa Newala aliyekuwa anarudi chuoni. Alisikiliza mazungumzo yetu, akafunika mdomo kwa kanga.

"Samahanini, kaka zangu. Remiksi si mtu."

"Ni bendi?" Yusufu akauliza.

"Si bendi. Ni wimbo uleule wa zamani, mtu kaufumua kama gauni, akaushona upya. Kipande kingine kakitupa, kingine kakirudia. Ndiyo remiksi."

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Yusufu naye akacheka, akanipiga begani. "Ni huyu hapa! Nilimwambia, Athumani, huyo hawezi kuwa mtu. Hanisikii."

Mpaka pantoni inapona, ukingo mzima wa Rufiji ulikuwa unaniita Remiksi. Watoto, makondakta, hata yule mama wa mahindi. Wazo lilikuwa lake. Kufika jioni lilikuwa langu. Sikusema kitu. Niliona ni jambo dogo, na kumbishia rafiki mbele ya watu kwa jambo dogo ni aibu. Nimelifikiria sana tangu hapo.

Lakini maneno ya mwalimu yaliniingia kwa sababu nyingine. Kufumua na kushona upya nilikwisha kufanya mwenyewe, bila kujua kwamba kuna jina lake. Kwenye begi langu kulikuwa na kanda moja. Dada yangu Somoe, wengi wenu mlimjua, alikuwa na wimbo wake aliouimba akimenya mihogo nyumbani Nyangamara. Aliutunga mwenyewe: "Nifungulieni mlango, nimelowa, mvua imenikuta shambani." Nilimrekodi siku moja kwa redio kaseti, bila yeye kujua, kuku wanasikika nyuma. Mwaka uliofuata akafariki katika uzazi. Baada ya msiba nilichukua mashine mbili, nikaweka ngoma ya kinanda cha umeme cha shule huku, sauti yake kule, na kwa kitufe cha kusimamishia kanda nikawa namkata na kumrudisha, wiki nzima, kidole kikafanya sugu. Yusufu peke yake ndiye aliyewahi kuisikia. Nilikuwa naibeba tu. Sikuwa na haja nayo Dar.

Dar es Salaam

Tulifikia kwa shangazi yake Yusufu, na kesho yake tukaenda Kariakoo kwenye duka la kurekodi kanda la bwana mmoja anayeitwa Sudi. Duka lenyewe jembamba kama kichochoro, lakini ukutani kulikuwa na kanda kutoka sakafuni hadi kwenye bati. Tangu biashara ziachiliwe huru, alisema, mabaharia wanamletea, watu wa ndege wanamletea, kila wiki kitu kipya.

Mchana wa siku tatu zilizofuata ulikuwa mzuri kuliko yote niliyoyapitia mwaka huu. Lazima niandike na hilo. Sudi alitukalisha kwenye makreti ya soda, anaweka kanda, anaondoa, anaweka nyingine. Nyingine alisema zinaitwa hausi, nyingine hakujua jina. Kulikuwa na moja isiyo na sauti ya mtu kabisa, kinanda tu kinalia kama ndege aliyefungiwa. Kulikuwa na wimbo wa rumba tulioucheza utotoni, umefumuliwa, gitaa limebaki kipande kidogo kinachozunguka, na chini ngoma ya mashine inakimbia. Nikaucheka kwa furaha kama mtu aliyekutana na jirani kwenye nchi ya mbali. Nilijifunza wapi hao wafumuaji wanaanzia, wapi wanangoja. Niligundua kwamba siri haipo kwenye kuongeza. Ipo kwenye kuondoa ngoma kwa muda mfupi, ukawaacha watu mguu uko hewani, ndipo ukairudisha.

Siku ya tatu Yusufu akasema, "Athumani, mpigie Sudi ile yako."

Nilikataa. Akarudia mbele ya wateja. Basi nikaitoa.

Sudi aliisikiliza amesimama. Sauti ya Somoe ilipoanza kurudi, nifungu, nifungu, nifungu, wapita njia wawili walisimama mlangoni. Ilipokwisha hakuitoa. Alirudisha nyuma akaisikiliza tena.

"Niachie nakala," akasema. "Wiki moja tu, kila ukumbi mjini utaipiga."

"Haiwezekani."

"Kwa nini? Anayeimba atakasirika?"

"Amefariki. Ni dada yangu. Mama yangu hajui kwamba sauti hii ipo."

Sudi akainua mikono. "Pole sana, ndugu. Sikujua." Akanirudishia kanda kwa mikono miwili. Yusufu alikuwa anatazama barabarani.

Jioni ile homa ikanishika. Malaria ya Ndundu, bila shaka. Nililala kwa shangazi karibu mwezi mzima, na siku za mwanzo sikujua kama ni mchana au usiku. Shangazi alinipa uji wa ulezi na maji ya ndimu, Mungu amlipe. Yusufu alikuwa anakuja na machungwa, ananieleza habari za Sudi, kwamba amempa nafasi ya kupiga muziki kwenye ukumbi mmoja mkubwa, majaribio tu. Siku moja nilifumbua macho nikamkuta amechuchumaa kando ya begi langu.

"Natafuta kitana," akasema.

Kitana changu kilikuwa dirishani. Nilikiona, nikafumba macho tena.

Nilipopata nguvu, aliniambia nitangulie, yeye atafuata baada ya wiki mbili na kanda mpya zote. Alinisindikiza hadi kwenye basi. Alinibebea begi. Alilia kidogo, na naamini machozi yale yalikuwa ya kweli.

Somanga, kurudi

Safari hii pantoni ilikuwa nzima, tukavuka bila kungoja. Kama ingekuwa mbovu labda ningejua mapema, kwa sababu kwenye msururu wa magari kila mtu hupiga kanda zake.

Basi lilisimama Somanga kwa chakula cha mchana. Kabla sijashuka nilimsikia Somoe. Nilidhani homa imerudi. Nikasimama kwenye ngazi ya basi, watu wananisukuma kwa nyuma, na dada yangu anaita barabarani kwamba afunguliwe. Kisha sauti ya mwanamume ikapita juu yake, ya kishindo, ya kipaza sauti, ile mliyoizoea ninyi nyote: "Dijei Yusu! Kusini oyee! Cheza!"

Nilikwenda hadi kwenye kibanda cha Mama Shukuru. Vijana wanne wa gari la mizigo walikuwa wanacheza na sahani mkononi.

"Zima," nikamwambia.

"Kaka wa kanda! Umerudi! Mbona umekonda hivyo?"

"Mama, nakuomba. Zima hiyo."

Uso wake ukabadilika. "Aa. Umekwenda Dar ukarudi na dini mpya. Hapa kwangu, ndugu, kila mtu na dini yake. Hao wanaosema muziki haramu wamekwisha pita juzi, nao niliwaambia hivyohivyo."

"Si dini."

"Basi nini? Huoni watu wanafurahi? Tangu hii kanda ije, magari yanasimama yenyewe."

Vijana nao wakanijia juu. Mmoja akasema huyu mgonjwa arudishwe garini. Nilitaka kuwaambia, lakini maneno yaliyonijia yote yalikuwa ya kichaa: kwamba huyo mnayemchezea amelala Nyangamara, kwamba hao kuku wanaosikika ni wa kwetu. Nikafungua ule mpira wa baiskeli mwenyewe nikaitoa kanda. Kwenye karatasi palipigwa chapa vizuri: Dijei Yusu, Remix. Chini yake namba ya simu ya duka. Jina la Somoe hapana. Langu hapana.

Mama Shukuru aliniangalia usoni, na nadhani aliona kitu, kwa kuwa aliwanyamazisha wale vijana.

"Ni nani kwako huyo anayeimba?" akauliza polepole.

"Dada yangu. Marehemu."

Aliketi. "Inna lillahi," akasema. "Na mimi nimemcheka kila siku." Alinipakulia wali nisioweza kula, akaufunga kwenye jani la mgomba, akanitia mkononi. Kanda niliiacha mezani. Ya nini kuichukua? Kutoka pale hadi Lindi niliisikia mara tatu.

Lindi, posta

Ninyi mlinipokea vizuri, sina la kuwalaumu. Mlidhani mnanipa habari njema. "Yusufu katoka!" mliniambia. "Mshirika wako yuko kwenye kila gari!" Mmoja wenu, simtaji, alisema kwa mzaha kwamba mimi nimerudi kwa sababu nimeachwa nyuma na ujuzi.

Asubuhi ya pili nilikwenda posta nikapiga ile namba. Sudi ndiye aliyepokea. Akasema Yusufu alimwambia nimekubali, homa imenifanya nifikirie upya. Niliamini kwamba aliambiwa hivyo. Kama aliamini alichoambiwa, sijui. Akamwita Yusufu.

"Athumani! Umefika salama? Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Watu wanacheza, ndugu yangu! Kusini nzima! Si ndicho tulichokwenda kutafuta?"

"Ile ni sauti ya Somoe."

Nilisikia kelele za Kariakoo zinapita nyuma yake.

"Ningeandika nini?" akasema. "Watu wa disko hawataki kuambiwa anayeimba ni maiti. Ningekuomba ungekataa. Ungekaa nayo kwenye begi mpaka ioze."

"Ndiyo. Ningekaa nayo."

"Unaona sasa?" alisema, na alisema kwa upole, kama mtu aliyeshinda hoja.

Nilirudisha simu mahali pake. Karani akaniuliza kama nimemaliza. Miaka sita, na nilikuwa nimemaliza.

Nyangamara

Kutoka posta nilikwenda moja kwa moja kutafuta gari la Nyangamara. Nilitaka mama asikie kwangu kabla hajasikia njiani. Gari lilikuwa pikapu ya wanunuzi wa korosho. Hatukufika hata Mtama, dereva akaiweka ile kanda.

Mama nilimkuta uani anabangua korosho, mikono imejaa weusi wa mafuta yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuinua kichwa. "Umepona?"

Nikasema nimepona. Nikaketi kwenye kinu kilicholazwa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ya kumweleza kuhusu Yusufu, namna alivyoniibia, namna nilivyokataa mara mbili. Lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Wiki iliyopita lilipita gari hapa," akasema. "Lilisimama pale kwa jirani kupakia. Nikamsikia Somoe."

Nikashika ukingo wa kinu.

"Nilitoka mbio. Nikaacha moto, nikaacha kila kitu. Nilipofika, nikaona ni redio. Nikasimama kusikiliza, nikasema moyoni, angalau nimsikie. Lakini anasema nifungu, nifungu, halafu ngoma inaingia. Nikangoja. Ikarudi tena, nifungu, nifungu." Ndipo akaniangalia. "Athumani, kwa nini hawamwachi amalize neno?"

Hapo ndipo hadithi ya Yusufu iliponiishia mdomoni. Kwa sababu Yusufu aliiba, akaweka jina lake, akapiga kelele juu yake. Lakini hakuwa yeye aliyemkata.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilimrekodi mimi. Na kumkatakata hivyo ni mimi. Yusufu kaichukua tu."

Akaiweka chini korosho aliyoishika. Nilidhani atanipigia kelele, na ningefurahi. Badala yake uso wake ukalegea kidogo, ukawa kama na matumaini.

"Basi nzima unayo," akasema. "Niwekee hiyo anayomaliza."

Nilikuwa na kanda tupu mbili tu wakati ule, jamani. Mbili. Moja ilikuwa ya sauti yake, nyingine niliyoijaza ile kazi yangu. Ile ya kwanza, baada ya kumaliza, niliirekodia juu yake muziki wa harusi moja hapo Lindi. Nilihitaji kanda. Nilidhani wimbo uko kichwani mwangu, na kwamba hiyo inatosha.

Nikamwambia mama.

Alirudia kubangua korosho. Alibangua tatu, nne, akizitenga nzima na zilizovunjika. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema tangu asubuhi sijala. Akasema ugali upo jikoni, umefunikwa. Lakini hakuinuka kunipakulia.